Ndege ya Propela Moja Asubuhi ya Ukungu

Vijana wa kanisa letu walipokuja kuniomba niandike juu ya kazi niliyoifanya, mmoja wao aliuliza kwa adabu kama ni kweli niliwahi kuwa rubani. Hapana. Sijawahi hata kupanda ndege. Kwa miaka ishirini na sita nilikata nyasi, nikafukia mashimo ya fuko, nikafukuza ng'ombe, na nikasikiliza. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Hizo zingine mtu yeyote mwenye panga na miguu angezifanya.

Shamba kubwa la chai nililofanyia kazi, upande wa Sotik, lilikuwa na uwanja wake wa ndege. Nikisema uwanja msifikirie lami na taa. Ulikuwa ukanda wa nyasi katikati ya chai, na mlingoti mmoja wenye soksi ya kitambaa ya kuonyesha upepo unatoka wapi. Hatukuwa na redio. Simu ilikuwa ofisini kwa karani, mwendo wa nusu saa kwa miguu, na karani mwenyewe alikuwa mtu wa kusahau. Kwa hivyo mara nyingi habari ya kwanza kwamba ndege inakuja ilikuwa ni ndege yenyewe. Ukiisikia una dakika nne, labda tano. Piga filimbi, toa ng'ombe, washa moshi ili rubani aone upepo kutoka mbali, kisha simama kando uvue kofia isije ikapeperushwa.

Ng'ombe walikuwa wa majirani. Meneja alikubali walishwe pale kwa sababu walipunguza nyasi bila kuchoka na bila kuomba likizo.

Aliyenifundisha ni Mzee Arap Sigei. Mimi nilitoka Nyamira nikiwa kijana, sijui Kikipsigis hata cha kuombea maji, na yeye Kiswahili chake alikichagua neno kwa neno kama mtu anayechagua mbegu. Lori mimi niliita "rori", propela yeye akaiita "brobela", na tulielewana vizuri kuliko watu wengi waliosoma. Siku ya kwanza alinikalisha kwenye jiwe, mgongo ukielekea uwanjani, uso ukitazama chai. Nilikaa hivyo karibu mwezi mzima. Ndege zikija, sikuruhusiwa kugeuka mpaka niseme ni ipi.

"Macho yana haraka ya kuamua," aliniambia. "Wacha masikio yamalize kwanza."

Nitawaambia kidogo ya yale niliyojifunza kwenye jiwe lile. Ndege ya propela moja, ile inayotumia petroli, ikiwa mbali ni sawa kabisa na mashine ya kusaga mahindi. Ikikaribia inapata mkwaruzo, kama pikipiki kubwa inayopanda mlima na gia ya pili. Ya injini mbili haiwezi kujificha, kwa sababu injini zake hazikubaliani. Ni kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja na mmoja yuko juu kidogo ya mwenzake: sauti inavimba na kunywea, wou, wou, wou. Rubani mzuri anazirekebisha mpaka ule mtikisiko unakuwa wa polepole, halafu unaisha. Mzee aliwajua marubani kwa hilo tu. "Huyu mvivu," angesema kabla ndege haijaonekana. "Anaziacha zigombane mpaka Kericho."

Kisha kuna zile za turbo. Hizo zina ngurumo chini na mluzi juu yake, mluzi wa birika lililo karibu kuchemka. Za propela moja za aina hiyo zilipita juu yetu karibu kila siku zikipeleka watalii mbuga ya Mara. Helikopta unaisikia kifuani kabla ya sikioni. Na ile kubwa ya juu kabisa, usiitafute mahali sauti iko. Sauti imechelewa, ndege imeshatangulia.

Lakini kujua aina ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kusikia badiliko. Ndege inayopita haibadilishi sauti. Inayotaka kutua, ngurumo yake inalegea kwanza, kama mtu aliyetua mzigo. Halafu karibu na mwisho rubani anarekebisha propela na sauti inapanda tena, nyembamba na kali. Ukiisikia hiyo na ng'ombe bado wako uwanjani, umechelewa.

Tena uwe na heshima kwa ng'ombe. Wao wanasikia kabla yako. Wakiinua vichwa wote pamoja, inua na wewe. Na usiamini ukungu. Ukungu unaleta sauti karibu na kuficha upande inakotoka, na vilima vyetu vinairudisha mara mbili, kwa hivyo unaweza kuikimbilia ndege upande wa Kaplong kumbe iko nyuma yako.

Nilikosea, ndiyo. Nikiwa na wiki ya tatu, Mzee aliniachia filimbi. Wiki hiyo mkubwa fulani alitarajiwa kutoka Nairobi, na shamba zima lilikuwa limefagiwa. Nikasikia ngurumo nzito ikitokea bondeni. Nikapiga filimbi, nikafukuza ng'ombe, nikawasha moshi mwingi hata macho yakaniuma. Meneja alipouona moshi akaja na gari, amevaa suti, na mke wake nyuma na maua. Tulisimama pale dakika ishirini. Kilichotokea kwenye kona ni lori la kuni za kiwandani, ekzosi yake imetoboka. Dereva alipoona watu wamejipanga akatupungia mkono.

Mzee muda wote huo alikuwa ameketi akinywa chai. Alijua tangu mwanzo. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alisema ningeambiwa ningesahau. Hiyo ni kweli. Sijasahau mpaka leo, na mke wa meneja naye hakusahau.

Chai ile aliletewa na binti yake, Chebet. Alikuwa msichana wa shule wakati huo, mdogo wa mwili, na wakati wa likizo ndiye aliyetuletea chupa ya chai na mahindi ya kuchemsha. Alizoea kukaa nasi kwenye jiwe na kucheza mchezo wetu wa kutaja ndege kabla ya kuiona. Wakati mwingine alinishinda, na Mzee alifurahi mpaka akajifanya anakohoa. Nilimwona akikua, nikamwona akiolewa Silibwet. Kwenye harusi alinipeleka kwa bwana wake akamwambia mimi ni kaka yake wa uwanjani.

Mzee alipostaafu masikio yake yalikuwa yamekwisha. Hilo nataka mlishike nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashine, hata hizi za siku hizi za kuchuma chai zinazonguruma mashambani kutwa nzima: zibeni masikio. Sisi tulisimama hatua kumi kutoka kwa propela tukidhani ni ushujaa. Mwaka wake wa mwisho Mzee alikuwa anatazama vichwa vya ng'ombe, si kusikiliza. Nilijua, na nikamfichia siri. Ndege ikija mimi ndiye niliyesema jina lake kwa sauti kubwa, kama mwanafunzi anayejisomea, naye akaitikia kama mwalimu anayesahihisha. Meneja hakugundua.

Sasa nimefika pale ambapo nilikuwa napazunguka.

Ni miaka inayokaribia thelathini iliyopita. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, mwezi wa ukungu, karani alinitumia ujumbe kwa mtu wa baiskeli: ndege ya madaktari inakuja saa nne kamili kuchukua mgonjwa, iandalie uwanja. Jina la mgonjwa halikuwepo. Ndege ya madaktari niliijua kama kikohozi cha mke wangu. Ilikuwa ya injini mbili, na rubani wake hakuwa mvivu.

Saa tatu na nusu ukungu ulikuwa bado umekalia chai. Ng'ombe kumi na mmoja walikuwa uwanjani. Niliwaacha wale kidogo, maana nusu saa ni ndefu, na ukiwatoa mapema wanarudi. Ndipo nikasikia ndege. Propela moja. Ngurumo chini, mluzi juu.

Nikasema moyoni, hiyo ni ya Mara.

Ng'ombe waliinua vichwa. Niliwaona wakiinua. Kisha ngurumo ikalegea. Vijana, ile alama niliyoijua kuliko zote, ile niliyofundishwa mwezi mzima nikiwa nimegeuka mgongo, ilikuja masikioni mwangu ikiwa safi kabisa. Nami nikaitafutia sababu. Nikasema rubani wa watalii amepotea, anashuka kidogo atafute njia chini ya mawingu. Sikukosa kusikia. Nilisikia sawa, halafu nikakataa, kwa sababu nilishaambiwa ni injini mbili na ni saa nne, na mimi nilikuwa mtu ambaye hakosei.

Sauti ilipopanda, ile nyembamba ya mwisho, niliitambua na mkono ukaenda kwenye filimbi peke yake. Ndege ikatokea kwenye ukungu, chini sana, magurudumu yake yakikaribia kugusa chai. Ng'ombe mmoja alikuwa amelala katikati ya uwanja akicheua. Rubani akatia nguvu zote, ikanipita juu na joto lake na harufu ya mafuta, ikapanda, ikamezwa.

Baadaye nilikuja kujua kwamba ile ya injini mbili iliharibika asubuhi hiyo, wakatuma nyingine, na ikawahi. Walimpigia karani simu. Karani alisema atatuma mtu.

Nilifukuza ng'ombe kwa filimbi, kwa fimbo, kwa mawe. Ng'ombe hawajui dharura. Nyasi za moshi zilikuwa zimelowa; nikavua shati langu nikaliwasha chini ya nyasi hizo. Ndege ilizunguka mara tatu. Sikuiona hata mara moja, lakini niliisikia kila mzunguko, ikitafuta lile tundu kwenye ukungu ambalo lilikuwa limefunguka mara moja na sasa limefungwa.

Wakati huo landrova ya hospitali ikafika. Sista alikuwa nyuma ameinua chupa ya dripu, na aliyelala pembeni yake, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni, alikuwa Chebet. Alikuwa amejifungua mtoto wa kike alfajiri, mtoto mzima, na baada ya hapo damu ikakataa kukoma. Walimfanyia yote waliyoweza, na damu ya kumwongezea ilikuwa imeisha. Alinitambua. Nilikuwa sina shati, nimejaa masizi. Nafikiri alijaribu kucheka.

Sista aliniuliza, "Inatua?"

"Ngoja," nikamwambia.

Nilisikiliza. Mzunguko wa tatu ulipofika upande wa mashariki haukukunja. Ngurumo ikakaza, mluzi ukapanda, na sauti ikaanza kunyooka kuelekea Nairobi. Nilijua pengine kabla ya mtu yeyote isipokuwa rubani mwenyewe.

"Haitatua," nikasema. "Msingoje. Nendeni na barabara, sasa hivi."

Dereva alibisha kwamba bado anaisikia. Nilimwambia mimi naisikia zaidi. Wakaondoka. Hizo dakika chache nilizowaokolea ndizo faida ya pekee iliyoletwa na masikio yangu siku hiyo, na hazikutosha. Chebet alifariki njiani, kabla ya Kericho mjini.

Watu wote walisema ni ukungu. Kwenye mazishi mchungaji alisema ni ukungu. Mimi nilibeba viti, nikachota maji, nikachimba kaburi pamoja na vijana wa Silibwet mpaka mikono ikachubuka, na sikusema neno. Waliniona kama mtu mwema. Hilo lilikuwa gumu kulibeba kuliko jembe.

Baada ya miezi minne nilikwenda nyumbani kwa Mzee Arap Sigei. Nilimkuta akikatia ng'ombe nyasi za nepia. Nilikuwa nimepanga kumwambia polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anavyopaswa kukiri. Lakini Mzee hakuwa anasikia. Nikasema mara ya kwanza, akaweka mkono sikioni. Nikasema mara ya pili, akanikazia macho mdomoni. Mara ya tatu ilibidi nipige kelele, pale uwanjani kwake, mchana, kwamba ndege iliweza kutua, kwamba niliisikia, kwamba ng'ombe walikuwa njiani kwa sababu yangu. Jikoni mke wake alikuwa anaosha sufuria. Sauti ya sufuria ikanyamaza.

Mzee aliweka panga chini. Sikuthubutu kumtazama. Kisha akasema, "Hata mimi niliisikia asubuhi hiyo, nikiwa hapa. Brobela moja. Nikasema ni ya Mara."

Nyumba yake ilikuwa karibu na Kaplong, mbali na uwanja, na mimi nilikuwa nimetoka kumpigia kelele mara tatu hatua moja kutoka sikioni mwake. Hakusikia ndege yoyote asubuhi hiyo. Hakuwa amesikia ndege kwa miaka. Alijua kwamba mimi najua. Lakini alilisema kama ushahidi, mbele ya Mungu na mbele ya mke wake aliyekuwa amesimama mlangoni, ili kosa liwe la watu wawili. Mama yake Chebet aliingia ndani, akakaa. Nikadhani amekataa kuniona. Akatoka na kikombe cha chai, akaniwekea mkononi.

Nilirudi kazini. Tangu siku hiyo sauti yoyote niliyoisikia, ya Mara, ya lori, ya radi, nilitoa ng'ombe wote. Meneja mpya alisema mimi ni mwoga na nasumbua wanyama wa watu. Nikamwacha aseme. Mkitaka fundisho la kazi katika haya yote, lichukueni hapo: ukijua sana, fanya kama hujui. Toa ng'ombe kwanza, jisifu baadaye.

Uwanja ulifungwa nilipostaafu. Wamepanda mikaratusi. Mgonjwa siku hizi anachukuliwa na gari, na barabara ni nzuri. Masikio yangu nayo yamefuata ya Mzee. Mke wangu ananiita mara tatu, ya nne ananirushia kitambaa. Mzee na mama yake Chebet wamelala wote wawili, kaburi kando ya kaburi.

Yule mtoto wa alfajiri aliitwa Chepkoech. Alilelewa na babu na nyanya, akasoma, na sasa ni mwalimu, anaishi karibu na Silibwet. Nilipomaliza kuandika haya sikuweza kuwakabidhi nyinyi kabla hajayajua. Wiki iliyopita nilipanda pikipiki nikaenda kwake. Alinikaribisha, akanipa maziwa, akasema nyanya yake alizoea kunitaja kwenye maombi. Nilimsomea kurasa hizi zote, pamoja na ng'ombe, pamoja na ule mluzi nilioukataa. Nilimwambia kwamba akitaka nizichome, nitazichoma.

Alitazama mikono yake. Alilia kidogo, bila sauti, nami nikangoja, maana hilo lilikuwa haki yake na si langu kulifupisha. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba. Kisha akajifuta uso, akasogeza kiti chake karibu na sikio langu zuri, la kushoto.

"Mzee," akasema, "picha zake ninazo mbili. Lakini hakuna mtu amewahi kuniambia mama alikuwa na sauti gani."

Nilikaa nikitafuta. Nilimwambia sauti ya mama yake ilikuwa nzito kuliko mwili wake, mtu asiyemwona angedhani ni mwanamke mkubwa. Kwamba alicheka kabla ya kumaliza hadithi, kwa hivyo mwisho wa hadithi zake hakuna aliyeujua. Kwamba hakupiga kelele akiita mtu shambani. Alivuta herufi ya mwisho tu, polepole, mpaka ikafika.

Akauliza ilikuwaje, hiyo ya kuita.

Nilimwambia mimi ni mzee, koo langu limekauka, na sijawahi kuimba hata kanisani. Akasema haidhuru. Basi nikaweka kikombe chini, nikaita jina la baba yake Chebet kama Chebet alivyoliita kutoka kwenye njia ya chai, nikilivuta mwishoni. Chepkoech alikuwa amefumba macho. Aliponyanyua kidole kimoja, kunionyesha kwamba bado anasikiliza, nikaita tena.